Bro alipona ajali ila hajapona. Tunaouguza watu walioumia ubongo tukutane hapa

Kijana wa Mlandizi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku. Uzi mrefu huu, asiyependa kusoma apite kimya kimya, sitaki mtu wa "fupisha mkuu". Nauandika kwa simu nikiwa zamu, na zamu yenyewe sio ya kazini, ni ya kumlinda kaka yangu, maana ikifika saa nane usiku anaamka anavaa ovaroli anataka kwenda gereji, mlango usipopigwa kufuli anaenda kweli, na hiyo gereji tulishaiuza mwaka jana kulipa madeni.

Nianze mwanzo. Juni 2022 kaka alikuwa anatoka Mlandizi kwenda Kibaha kufuata spea, kapanda bodaboda ya rafiki yake wa kijiweni, wametoka mbali hao, toka chandimu za utotoni. Helmeti mbili zilikuwepo, moja kichwani kwa dereva, nyingine imetundikwa kwenye saiti mira kama pambo. Lori likafunga breki ghafla mbele yao. Rafiki kachubuka viwiko na goti basi. Kaka alifikia kichwa. Damu puani, damu sikioni, hajitambui. PF3 ya polisi, hospitali ya karibu, kisha gari la wagonjwa mpaka Dar, siti skani ikaonyesha damu imevilia inaukandamiza ubongo, usiku uleule wakamfungua fuvu. Siku 19 ICU.

Hapo watu walikuwepo jamani, nisiwe mwongo. Grupu la WhatsApp lilifunguliwa, watu mia na arobaini ndani, simu ya dada mweka hazina inalia muamala mpaka betri inakata. Pale nje ya wodi ndugu walijaa mlinzi akawa anawafukuza kama kuku. Siku kaka alipofumbua macho grupu zima ni mikono ya dua na "kapona! kapona!". Tukaruhusiwa baada ya miezi miwili kasoro. Wiki kama tatu mbele naingia kwenye grupu niombe nauli ya kliniki nakuta admini kashabadilisha jina, limekuwa kamati ya harusi ya binamu yetu, wanachama walewale. Nilicheka peke yangu kama chizi, halafu nikatoka nje nikalia.

Ndo nikakaa nikaliwaza hili neno kupona. Mtu akitoka hai kwenye ajali tunasema kapona. Malaria ikimwisha mtu tunasema kapona. Daktari alituambia "mgonjwa wenu atapona", yeye anamaanisha hafi, sisi tukasikia atarudi kuwa vilevile. Ugomvi wote wa nyumbani kwetu toka siku ile umekaa hapo katikati ya kupona mbili.

Kaka yule alikuwa mpole mpaka anakera. Mtani, msema chochote kwenye shughuli zote za ukoo, ukimkosea anakusubiri upoe ndo anakwambia. Akimwona mama mkwe wake kwa mbali anashuka kwenye baiskeli anaikokota. Sasa mwaka jana mama mkwe kasafiri toka Songea kuja kumwona, katengewa chakula, kaka kaja kamtolea neno kuhusu maumbile yake, mbele ya watoto, neno ambalo siwezi kuliandika hapa hata kwa jina bandia. Mama wa watu kajitanda kanga kaondoka na basi la alfajiri mpaka leo hajarudi. Kaka alikuwa anacheka. Kesho yake anauliza mama kaenda wapi, mbona kaondoka bila kuaga?

Na hiyo ni siku moja. Siku nyingine anakaa kwenye kiti toka asubuhi hadi jioni hasemi kitu, usipomwambia kula hali, sio kwamba hana njaa, ukimwekea anakula sahani mbili, ila haanzi kitu mwenyewe. Halafu ghafla kijiko kikianguka anapandisha hasira anarusha sufuria. Hela akishika anagawa, alishampa muuza miwa elfu hamsini kwa kipande cha miwa na muuza miwa akaingiza mfukoni bila aibu. Na yeye kwa akili yake ni mzima, tatizo ni sisi, anauliza mbona mnanifungia kama mwizi.

Mtoto wake wa kwanza ana miaka kumi. Amekuwa anachelewa kutoka shule makusudi, anazunguka. Siku moja kaniuliza "baba mdogo, baba atarudi lini?" na baba yake alikuwa sebuleni.

Sasa familia. Mama anasema karogwa, ni watu wa gereji walimuonea wivu. Dada zangu wanasema shemeji hamhudumii mume ipasavyo, anashinda kwenye biashara yake ya vitumbua, anakula hela za mgonjwa. Shemeji hasemi kitu, amekonda, analala masaa matatu. Mimi sina mke, nimeacha kibarua Dar nimerudi nyumbani, mchumba kasubiri kasubiri kachoka. Marafiki wa kaka ndo usiseme, kijiwe kizima cha drafti, watu waliokuwa wanakula kwake, wamekuja mara mbili tatu wakaisha. Yule wa bodaboda hajakanyaga kabisa. HATA MARA MOJA. Nikipita kijiweni anajifanya anaangalia tairi.

Waliopitia hii kitu mlifanyaje? Simaanishi dawa, dawa tunazo. Naulizia watu.

---

Mbuzi wa Supu

Pole mkuu. Hapo kwa muuza miwa nimecheka ila najisikia vibaya.

---

Mzee wa Upako

Pole sana kijana. Sikiliza, hayo si mambo ya hospitali. Mtu kubadilika tabia ghafla namna hiyo ni roho nyingine imeingia. Msikilize mama yako, mama huwa hakosei. Mpelekeni kwenye maombi ya kufunguliwa, mfunge siku tatu.

---

Kijana wa Mlandizi

Mzee wangu kuombewa kaombewa na sikatai maombi, kila jumapili tunaenda naye akiwa ametulia. Ila ngoja nikwambie kilichotokea maana sikukiandika juu. Mama alimchukua kimya kimya mimi nikiwa Dar, akampeleka kwa mtaalamu mmoja huko bara, akaambiwa dawa za hospitali zinazuia dawa za pale zisifanye kazi, wakaacha vidonge vya degedege. Siku ya nne kaka kaanguka. Kaanguka tena. Mara tatu kwa siku moja, ulimi kaung'ata, na watu wa kule wakakimbia wanasema kifafa kinaambukiza kwa mate hivyo hakuna aliyemgusa, mama yangu na uzee ule ndiye alimshika peke yake. Laki sita na mbuzi viliondoka. Sasa mama mwenyewe ndo anahesabu vidonge, hakosei hata kimoja, ila kwenye kurogwa bado yuko palepale. Nimeamua simbishii.

---

Fizio wa Kanda

Mkuu pole. Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo, nimefanya wodi za majeruhi wa kichwa miaka kadhaa, nisikupe matumaini hewa wala nisikukatishe tamaa.

Kwanza hilo la vidonge lisirudiwe tena na yeyote anayesoma. Ubongo ukishapata kovu unaweza kuanza kutoa degedege hata miezi au miaka baadaye, na dawa za degedege hazikatwi ghafla, zinapunguzwa na daktari taratibu. Akianguka mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, USIMTIE KIJIKO MDOMONI, usimbane, angalia saa. Ikipita dakika tano haijaacha ni hospitali. Na mate hayaambukizi kitu.

Pili, tabia. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndiyo inayokufanya ufikirie neno kabla hujalitoa, ndiyo inakuanzishia jambo, ndiyo inakwambia hapa kuna mkwe nyamaza. Ajali za pikipiki mtu akifikia kichwa mara nyingi hapo ndipo panapoumia, maana ubongo unajigonga kwenye mifupa ya ndani ya fuvu. Kaka yako ni fundi, mtaelewana nikisema hivi: injini ni nzima, gia zinaingia, breki ndo hazishiki, na self, ile mota ya kuwashia, ndo haizungushi. Kukaa kutwa kwenye kiti sio uvivu, self imekufa. Lile neno kwa mama mkwe sio kwamba siku zote alikuwa analo moyoni akalificha. Hii watu wengi wanaamini, kwamba sasa ndo kasema ukweli wake, kama vile mlevi. Hapana. Kila mtu kichwani hupita takataka nyingi, wewe na mimi tunazichuja, chujio lake limetoboka.

Na kutojua kwamba anaumwa sio ubishi. Sehemu ya kujikagua nayo imeguswa. Ukibishana naye "wewe unaumwa" utabishana hadi uzeeni.

Kuhusu daktari, ulimuuliza kaka alipofika alikuwa na alama ngapi za kujitambua?

---

Kijana wa Mlandizi

Kwenye karatasi ya rufaa imeandikwa GCS 7/15. Sijawahi kujua maana yake, nilijua ni kama alama za mtihani, nikasema saba sio mbaya sana karibu nusu.

---

Fizio wa Kanda

Ndo hapo sasa. Kile kipimo kilitengenezwa Glasgow mwaka 1974, kinaangalia macho, kuongea na kujongea. Cha chini kabisa sio sifuri, ni 3. Hata maiti ana 3. Cha juu 15. Nane kushuka chini ni jeraha kubwa la kichwa. Kwaiyo saba ya kaka yako ilikuwa habari nzito sana na kuna mtu alitakiwa awakalishe chini awaambie siku ileile kwamba mtakayempeleka nyumbani atahitaji miaka. Kawaida mwendo wa kasi wa kurudi ni miezi sita ya mwanzo, halafu unapungua, ila hausimami ghafla, wapo wanaopata kitu kipya hata baada ya miaka miwili mitatu.

Na boda mnaosoma hapa: tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2008 zilionyesha helmeti inapunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69 na vifo asilimia 42. Ikiwa kichwani lakini. Kwenye saiti mira inakinga kioo.

---

Mama Wawili Tanga

Kijana wangu nimesoma huku natokwa na machozi maana hayo ndo yangu, mwaka wa sita huu. Wangu aligongwa na gari akiwa anavuka barabara.

Miye ntaongea upande wa shemeji yako kwa vile yeye hasemi. Ukoo wenu unamhesabia, si ndiyo? Akivaa vizuri wanasema kapata bwana. Asipovaa wanasema kajiachia, ndo maana mume haponi. Akicheka na mteja wanasema ana furaha gani huyu. Akimkemea mgonjwa asishike moto wanasema anamtesa ndugu yetu. Na hao wanaosema wanakuja jumamosi na machungwa wanakaa saa moja, na hilo saa moja mgonjwa wallahi anakuwa kama malaika, anawaamkia, anawachekea, wanaondoka wanasema "mbona mzima tu huyu, shida ni mke". Wakifika kona ya barabara ndo kinaanza.

Usiku nalala na mtu sura ni ya mume wangu sauti ya mume wangu, ila mambo ya mume na mke hakuna, miye namwogesha, namkata kucha, namwambia baba fulani vaa shati, nishakuwa mamake. Na nikisema nimechoka naambiwa shukuru Mungu yuko hai, wenzako ni wajane. Mjane anapewa eda mwanangu. Anakalishwa, analiliwa, watu wanapika, halafu siku zikiisha anaambiwa haya toka. Miye hata pole sijapewa maana hakuna aliyekufa.

Usimpe shemeji yako ushauri. Mpe usiku. Chukua siku mbili kwa wiki wewe au hao dada zako walale na mgonjwa, yeye akalale nyumba nyingine kabisa ambako hasikii mlango. Na hao mawifi wakilala pale siku mbili tu, maneno yatapungua wenyewe, nakuhakikishia.

---

Nakuru Boy

Hii story imenigusa sana, kwetu Kenya ni vilevile. Buda yangu aliumia kichwa kwa mjengo, slabu ilianguka. Tulifanya harambee ya bili, watu walikuja wengi sana, hata mheshimiwa akatuma bahasha. Ya hospitali watu huchanga juu ina namba, bili ni kiasi hiki, tukifika tunashangilia. Ya nyumbani haina namba. Hakuna mtu utamwambia changia mimi niache kuogopa babangu.

Kitu ilituokoa ni kazi ya kila siku ile ile, saa ile ile. Asubuhi anafagia kiwanja, saa nne anapeleka maziwa kwa jirani, jirani anajua asipofika apige simu. Tuliandika kwa ukuta na makaa kubwa kubwa.

---

chuma_cha_reli

Mdau wa Nakuru umenikumbusha kitu. Kuna mtu anaitwa Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli huko Vermont Marekani, Septemba 1848 alikuwa anashindilia baruti kwenye mwamba, ikalipuka, mtaimbo wa zaidi ya mita moja na kilo kama sita ukaingia shavuni ukatokea utosini. Alikuwa na miaka 25. Hakufa, akawa anaongea dakika chache baadaye. Ila daktari wake aliandika kuwa marafiki walisema huyu sio Gage tena. Alikuwa mstaarabu akawa na matusi, hana msimamo, kazini wakamkataa.

Hiyo sehemu kila mtu anaijua, iko kwenye vitabu vyote. Ambayo haisemwi sana ni kwamba baadaye alienda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa. Amka saa fulani, funga farasi, pakia watu, njia ileile. Kuna watafiti wanaona ratiba ile ya kila siku huenda ndiyo iliyomrudisha kwenye ubinadamu wa kawaida kiasi chake. Alifariki 1860, kwa degedege. Kwaiyo bro bado ana kitu, tafuteni njia yake ya farasi.

---

Dada wa Leicester

Nipo Uingereza nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, nina mteja kama kaka yako. Huku kuna shirika linaitwa Headway, lipo toka 1979, lina vikundi vya mitaani, na nilichoshangaa ni kuwa vipo vya wagonjwa na vipo vya familia zao. Nilimpeleka mke wa mteja wangu, mzungu wa watu kakaa anasema maneno yaleyale ya mama wa Tanga hapo juu, mpaka la mawifi. Msidhani ni umaskini wetu tu.

---

Mkarafuu Mmoja

Assalaam alaykum. Mie ndo huyo mgonjwa mnayemsema.

N'lianguka juu ya mkarafuu Pemba, msimu wa kuchuma, tawi likakatika. Sasa nnaandika, lakini uzi huu nimeusoma siku tatu, nnasoma kidogo nnapumzika, na hii nnayoandika nimeianza jana, mnisamehe nikirudia.

Nambieni nyie, kwani watu hukimbia kwa nini? Mie ntakwambieni. Kila aliyekuja kunitazama, wa kwanza mpaka wa mwisho, akifika tu mlangoni husema "Je, wanijua mie? Hebu nambie mie nani?" Kila mmoja! Kama mtihani wa madrasa. Na watu wamejaa chumbani wanangoja jawabu. Mie sura nnaijua, jina halitoki, linakaa hapa kwenye ulimi, jasho linanitoka, wao wanatazamana. Mwengine husaidia, "jina langu linaanza na H". Basi nikaanza kutukana watu ili watoke. Wakasema keshakuwa mkali huyo. Hawakurudi.

Jengine ni kelele. Zamani watu kumi wakizungumza unamsikiliza mmoja, tisa wanakuwa kama bahari, hazikudhuru. Sasa wote kumi wananiingia sawasawa, na redio, na kijiko. Kichwa kinaisha chaji. Ikiisha haitoki hasira wala haitoki mapenzi, mie mwenyewe nnakuwa sipo. Nikilala saa moja mchana nnarudi.

Huyo ndugu yako kijiko kikianguka akarusha sufuria, tazama saa ngapi. Nnadhani itakuwa jioni.

Na kumbukeni nnasikia. Wallahi mlikuwa mkisema juu ya kichwa changu, "maskini alivyokuwa", nnasikia.

---

Kijana wa Mlandizi

Mzee wa mkarafuu... sijui niseme nini. Ni jioni. Karibu mara zote ni jioni, watoto wakirudi na taarifa ya habari ikiwashwa. Miaka miwili na nusu naishi naye sijawahi kuangalia saa.

Na hilo la "unanikumbuka", mimi mwenyewe nimelifanya. Kila mgeni akija mimi ndo nasema "bro huyu unamkumbuka? mtaje". Nilidhani nampa mazoezi.

---

Boda Mstaarabu

Mkuu naomba nisitukanwe. Mimi ni boda. 2019 nilianguka na abiria, dada wa watu, akaumia kichwa. Mimi nilivunjika kidole. Hospitali nilienda siku ya kwanza nikamwona kavimba uso hatambuliki, nikatoka nje nikatapika. Sijarudi. Nilituma hela kwa namba ya kaka yake mara nne bila kuandika jina. Mpaka leo nikipita karibu na mtaa wao naongeza spidi.

Sijitetei. Ila huyo anayeangalia tairi, haangalii tairi. Anaogopa ataulizwa helmeti. Ukimwambia tu "njoo umwone mgonjwa" haji, atakuja kufanya nini, kukaa kwenye kochi aangaliwe na mama yako? Mpe kitu cha kufanya.

---

Mbuzi wa Supu

Huu uzi umenitoa kwenye utani. Mkuu kaka alikuwa anacheza drafti si ndiyo?

---

Mzee wa Upako

Drafti itamponya mtu?

---

Fizio wa Kanda

Mzee usidharau. Kumbukumbu sio ghala moja. Ya "jana tulikula nini" inaweza kuwa imeharibika na ya mikono na michezo iliyozoeleka miaka ishirini ikawa salama kabisa. Nimeona mtu hajui mwaka gani ila anafuma mkeka bila kosa. Mjaribu asubuhi, watu wawili tu, sehemu haina kelele, nusu saa isizidi. Na asiulizwe swali lolote.

---

Kijana wa Mlandizi

Wakuu nimerudi, wiki tano zimepita, samahani kwa ukimya.

Dada zangu walilala. Wa kwanza alilala usiku mmoja, asubuhi hakusema kitu, alichukua ufagio akafagia uwanja mzima peke yake halafu akaenda kwa shemeji akampa elfu ishirini. Wa pili kasema ana presha hawezi. Sawa. Kwaiyo shemeji analala jumanne na ijumaa kwa jirani. Nikisema kanenepa ni uongo, ila jana nimemsikia anagombana na mteja wa vitumbua kuhusu chenji kwa sauti, kitu ambacho hajafanya toka ajali. Mambo mengine kati yake na kaka siyajui na sio yangu.

Mama mkwe nilimpigia. Nilimweleza la chujio, nikajikanyaga kanyaga, akanisikiliza, akasema "mwanangu nimeelewa, lakini nililisikia". Hajaja. Simlaumu.

Taarifa ya habari tumeihamishia chumbani kwa mama. Sufuria zimepumzika, sio zote.

Mtoto nilimkalisha nikamwambia baba yako hajasafiri, kichwa kiliumia ndani mahali pasipoonekana. Akauliza kama mguu uliovunjika ndani ya plasta? Nikasema ndiyo. Akauliza plasta watatoa lini. Hapo nilikwama.

Sasa rafiki. Nilienda kijiweni asubuhi watu hawajajaa, nikamkuta anaangalia tairi kweli. Sikusema chochote cha ajali. Nilimwambia tu bro, ubao wa drafti wa nyumbani umepasuka, na wewe una ule wa kijiwe, uje nao kesho saa tatu, kaka hana wa kucheza naye, mimi sijui. Hakujibu, akapiga kiki akaondoka. Nikajua imekwisha.

Kesho yake saa tatu na nusu nasikia pikipiki nje. Kaja na ubao kwapani na mfuko wa vizibo vya soda, na helmeti kichwani hajaivua, kaingia nayo mpaka ndani. Hajasalimia, kaka naye hajasalimia. Kapanga vizibo. Mikono inamtetemeka vinadondoka, anaokota. Kaka anamwangalia, akamwambia "wewe cheza, unasubiri nini", kama vile walikatisha jana.

Mchezo wa kwanza jamaa nadhani alimwachia. Kaka akamrushia vizibo, akamtukana tusi lao la zamani, la kijiweni, la kumwita mgonjwa wa bandama, akasema panga upya ucheze kiume. Wa pili kaka kala kete tatu kwa mpigo mmoja, kaingia kingi. Jamaa akatoka nje akakaa kwenye ngazi na helmeti yake muda mrefu, sikumfuata.

Jina lake kaka hajalitaja mpaka leo. Anamwita "wewe". Anakuja jumatatu, jumatano na jumamosi, na jumamosi iliyopita kaka aliamka saa nane usiku kavaa ovaroli kama kawaida, nikamwambia bro lala, kesho una mechi. Akasimama pale mlangoni kama dakika nzima, akauliza "naanza na nyeupe?" Nikamwambia ndiyo. Akarudi kulala na ovaroli.